Kupiga Muziki wa Klasiki kwa Sinthesaiza: Mwongozo Kamili kwa Mwanamuziki wa Ridhaa

Mwaka 1968 mwanamuziki Wendy Carlos wa Marekani alitoa albamu ya muziki wa Johann Sebastian Bach iliyopigwa kwa sinthesaiza ya Moog, yaani chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme. Chombo kile kilitoa noti moja tu kwa wakati, kilipoteza tyuni mara kwa mara, na kwa hiyo kila mstari wa muziki ulirekodiwa peke yake kwenye tepu ya njia nane, kisha ukawekwa juu ya mingine. Miaka sita baadaye Isao Tomita wa Japani alifanya jambo tofauti kabisa kwa muziki wa Claude Debussy: pale Carlos alipotaka kila mstari usikike wazi, Tomita alitafuta rangi, ukungu na nafasi. Njia hizo mbili bado ndizo zinazomwongoza mtu yeyote anayeanza kazi hii leo, hata kama vyombo vyake vyote vimo ndani ya kompyuta moja.

Rekodi nyingi za wapigaji wa ridhaa huanza vizuri na kuchosha baada ya dakika moja. Sababu yake, kwa maoni yangu, karibu kila mara ni ile ile: mpigaji ametumia muda wake wote kutafuta sauti za kuvutia, na hakubakiza muda wa kuifanya kila noti iimbe. Bach mwenyewe, alipoandika dibaji ya Inventio zake, vipande vifupi vya kinanda vya kufundishia, mwaka 1723, alisema kwamba zaidi ya yote mwanafunzi apate namna ya kupiga inayoimba. Fidla ina upinde, filimbi ina pumzi, piano ina uzito wa mkono, lakini sinthesaiza haina chochote kati ya hivyo mpaka wewe ukitie kwa makusudi. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kukitia, hatua kwa hatua, tangu kuchagua kipande hadi kutoa rekodi iliyokamilika.

Hatua ya kwanza: kuchagua kipande

Anza na kipande chenye mistari miwili tu. Inventio za Bach zenye sauti mbili ni 15, nazo zinafaa kuliko kitu kingine chochote ninachokijua kwa sababu ziliandikwa kufundisha jambo lile lile unalotaka kujifunza, yaani kuendesha sauti mbili zinazojitegemea bila moja kuimeza nyingine. Ile ya kwanza, katika C meja, ina vipimo 22, yaani vipande vya mapigo manne vinavyotenganishwa kwa mistari kwenye nota. Mkono wa kulia unaanza na wazo fupi linalopanda kutoka C, na mapigo mawili baadaye mkono wa kushoto unalirudia wazo lilo hilo oktavu moja chini. Karibu kila kitu kinachofuata kimejengwa kwa wazo hilo, likipandishwa, likigeuzwa juu chini au likirefushwa. Mifano yote katika mwongozo huu nitaitoa humo.

Muziki wa kinanda cha bomba na wa klavisini (kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa) huhamia kwenye sinthesaiza kwa urahisi, kwa kuwa vyombo hivyo navyo havitegemei sana nguvu ya kidole katika kubadilisha ukubwa wa sauti. Muziki wa piano wa karne ya 19 ni mgumu zaidi, hasa wa Chopin, kwa sababu umetungwa juu ya tabia ya waya wa piano unaogongwa kisha ukafifia, pamoja na pedali inayoacha sauti zichanganyike. Ukimpa mtunzi huyo sauti isiyofifia, noti ambazo zilipaswa kupisha nyingine zinabaki zimesimama, na mwendo wote unaziba. Kipande cha polepole chenye nafasi nyingi, kama Gymnopédie ya kwanza ya Erik Satie ya mwaka 1888, kinafaa kuwa kazi ya pili au ya tatu. Simfoni nzima iache kwanza: okestra yenye mistari 20 itakulazimisha kufanya maamuzi mamia kabla hujajifunza kufanya hata moja vizuri.

Hatua ya pili: kupata nota na kuzisoma

Muziki wa mtunzi aliyefariki zamani ni mali ya umma. Katika nchi nyingi haki ya mtunzi hudumu miaka 70 baada ya kifo chake, na katika nyingine miaka 50, kwa hiyo Bach aliyefariki 1750, Debussy aliyefariki 1918 na Ravel aliyefariki 1937 hawana tena kizuizi cha namna hiyo katika nchi hizo. Dmitri Shostakovich, aliyefariki 1975, bado analindwa katika nchi za miaka 70. Zingatia pia kwamba chapa mpya ya nota inaweza kuwa na haki zake, na kwamba faili la MIDI (lugha ya kidijitali inayoeleza noti zipi zipigwe, lini na kwa nguvu gani, bila sauti yenyewe) lililotengenezwa na mtu mwingine ni kazi ya mtu huyo. Maktaba ya intaneti ya IMSLP ina chapa nyingi za zamani ambazo muda wake wa haki umekwisha. Pakua mojawapo na uandike mahali fulani ni chapa ipi uliyoitumia.

Kabla ya kuwasha chombo chochote, kaa na nota na penseli. Tia alama kila mahali wazo la mwanzo linapotokea, katika sauti ya juu na ya chini. Tia alama mahali muziki unapopumzika, yaani pale ambapo mwanakwaya angevuta pumzi, na mahali unapohamia katika ufunguo mwingine. Katika Inventio ya kwanza utaona kwamba kipande kinagawanyika kwenye sehemu chache zinazofungwa kwa mwisho ulio wazi, na sehemu hizo ndizo zitakazokuambia baadaye wapi sauti ibadilike na wapi isiguswe. Kisha imba kila mstari kwa sauti yako, hata kama sauti yako si nzuri. Mahali unapokosa pumzi ni mahali ambapo mstari unahitaji mkato, na hakuna programu itakayokuonyesha jambo hilo.

Hatua ya tatu: vifaa

Kwa kuanza unahitaji kompyuta, kibodi ya MIDI yenye funguo zinazohisi nguvu ya kidole, hedifoni nzuri, programu ya kurekodi na sinthesaiza moja. Surge XT na Vital ni sinthesaiza za programu zenye uwezo mkubwa ambazo zinapatikana bila malipo. Dexed huiga sinthesaiza ya Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Na VCV Rack humpa mpigaji moduli za kuunganisha kwa nyaya kwenye skrini, kwa namna inayokaribia ile aliyoitumia Carlos. Kwa kurekodi, Reaper au Ardour inatosha. Ukiwa na chombo halisi chenye vitufe, kitumie, kwa kuwa kuzungusha kitufe huku unasikiliza hufundisha sikio haraka kuliko kusogeza kipanya. Lakini usinunue kitu kingine kabla ya kumaliza kipande cha kwanza. Wingi wa vyombo humchelewesha anayeanza kuliko uhaba wake.

Hatua ya nne: mwendo wa kipande

Faili la MIDI lililochukuliwa tayari mtandaoni huwa na mwendo usiobadilika hata chembe, na hilo ndilo tatizo la kwanza linaloufanya muziki huu usikike kama mashine ya kuhesabu. Kuna njia mbili za kuuondoa. Ya kwanza ni kujirekodi ukipiga mikono yote miwili pamoja kwa sauti ya kawaida ya piano, kwa mwendo unaoupenda, bila mlio wa kuhesabia, kisha kuiambia programu ilinganishe vipimo vyake na upigaji huo. Rekodi hiyo inakuwa kiongozi, na mistari yote ya baadaye inafuata pumzi yako mwenyewe. Ya pili, kwa mtu ambaye mikono yake haijaweza bado kupiga kipande kizima, ni kuchora mabadiliko ya mwendo ndani ya programu: piga 72 kwa dakika kama msingi, shuka hadi 69 au 68 unapokaribia mwisho wa sehemu, rudi 72 au 73 sehemu mpya inapoanza, na upunguze zaidi katika vipimo viwili vya mwisho. Mabadiliko haya ni madogo kiasi kwamba msikilizaji hatayatambua, ila atahisi kwamba muziki unapumua.

Mimi naipendelea njia ya kwanza, hata kwa mpigaji dhaifu, na hata ikibidi kurekodi vipimo vinne vinne. Mwendo uliotoka mkononi una sababu ndani yake, ilhali uliochorwa kwa kipanya mara nyingi huwa na umbo tu.

Hatua ya tano: kutengeneza sauti

Sasa tengeneza sauti mbili, moja ya mstari wa juu na nyingine ya mstari wa chini, ukianzia kwenye sauti tupu badala ya kuchagua zilizotengenezwa na kiwanda. Sauti za kiwandani zimeundwa kumshangaza mtu anayebonyeza noti moja dukani. Zimejaa mwangwi, upana na mwendo wa ndani, na zikiwekwa mbili pamoja katika muziki wa kasi hazisikilizani.

Chanzo cha sauti ni osileta, na umbo la wimbi lake ndilo tabia ya kwanza. Wimbi la msumeno lina hamoniki zote, yaani mitetemo iliyo mara 2, 3, 4 na kuendelea ya ule wa msingi, hivyo huwa kali na lenye mwili, karibu na nyuzi za fidla au shaba za tarumbeta. Wimbi la mraba lina hamoniki za namba witiri tu, ndiyo maana husikika lenye uwazi wa ndani kama klarineti. Pembetatu nayo ina za witiri, lakini dhaifu sana, na husikika kama filimbi laini. Kwa mstari wa juu changanya msumeno na mraba, kisha itenganishe osileta ya pili na ya kwanza kwa senti 5 au 6, yaani sehemu 5 au 6 za nusu toni iliyogawanywa mara 100. Tofauti hiyo huzaa wimbiwimbi linaloipa sauti uhai. Fahamu hata hivyo kwamba kasi ya wimbiwimbi hilo hutegemea kimo: kwa senti 6, noti ya A yenye mitetemo 440 kwa sekunde hupata wimbiwimbi la mara moja na nusu hivi kwa sekunde, na A iliyo oktavu mbili chini, yenye mitetemo 110, hupata robo tu ya kasi hiyo. Ndiyo sababu sauti iliyotulia vizuri katikati ya kibodi huweza kutetereka huko juu. Mstari ukipanda sana, punguza tofauti hiyo.

Baada ya osileta huja kichujio. Kile cha kupitisha sauti za chini ndicho kilichoujenga muziki huu tangu wakati wa Moog, nacho hukata ukali ulio juu ya mpaka unaouweka. Anza na mpaka wa karibu mitetemo 1500 hadi 2000 kwa sekunde kwa mstari wa juu, na usiongeze mvumo wa kichujio, yaani mkazo wa sauti zilizo karibu na mpaka huo, zaidi ya kidogo tu. Kisha tafuta kidhibiti kinachoufanya mpaka huo ufuate kimo cha noti, na ukiweke katika asilimia 50 hadi 70. Watu wengi hukiacha sifuri, na matokeo yake noti za juu zinafifia na kuwa butu wakati za chini zinang'aa kupita kiasi, kana kwamba mstari mmoja unaimbwa na watu wawili wasiofahamiana. Hatimaye iunganishe nguvu ya kidole na mpaka wa kichujio, si na ukubwa wa sauti peke yake, kwa sababu chombo halisi kinapopigwa kwa nguvu huwa kikali zaidi, hakiwi kikubwa tu.

Envelopu ndiyo inayoamua noti itazaliwa vipi na kufa vipi, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Kwa mwendo wa 72, pigo moja huchukua milisekunde 833, na noti ya robo ya pigo, ambayo ndiyo imejaa katika Inventio ya kwanza, huchukua takriban milisekunde 208. Ukiweka mwanzo wa sauti wa milisekunde 80, kama sauti nyingi laini za kiwandani zilivyo, karibu asilimia 40 ya kila noti inaishia kwenye kupanda tu, na mstari unasikika umechelewa hata kama umepigwa sawasawa. Weka mwanzo wa milisekunde 5, mpunguo (muda wa kushuka baada ya kilele) wa 300, kiwango cha kushikilia (ukubwa unaobaki kidole kikiwa bado kimebonyeza) cha asilimia 40, na mwachilio (muda wa kufifia baada ya kuinua kidole) wa 80 hadi 120. Kwa mwachilio wa nusu sekunde noti zitakanyagana na utamlaumu mwangwi bure.

Mstari wa chini upe tabia nyingine: pembetatu pamoja na wimbi la mraba lililobanwa hadi asilimia 25 au 30 ya upana, kichujio kilicho chini kidogo, na mwanzo wa milisekunde 8. Lengo ni kwamba mtu akifumba macho aweze kuufuata mstari mmoja na kisha mwingine bila kupotea. Sauti mbili hutengana kwa ukali wake, kwa namna zinavyoanza, na kwa mahali zilipo katika nafasi ya kushoto na kulia. Tofauti katika mawili kati ya hayo matatu inatosha. Ukizitofautisha kwa yote matatu tena kwa kiasi kikubwa, hazitaonekana tena kuwa zinazungumza wao kwa wao, na mazungumzo hayo ndiyo kipande chenyewe.

Sinthesaiza ya FM, kama ile ya DX7, hufanya kazi kwa namna nyingine, osileta moja ikiitetemesha nyingine kwa kasi kubwa. Inafaa sana kwa sauti zinazogongwa, kama kengele, marimba na celesta, na hujibu nguvu ya kidole vizuri mno. Inafaa kujulikana, lakini kwa mistari inayoshikilia na kuimba, kichujio bado ndicho mwalimu bora.

Hatua ya sita: kurekodi mstari mmoja mmoja

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na muda utakaoutumia hapa uwe mrefu kuliko muda wa hatua zote zilizotangulia zikijumlishwa. Iweke sinthesaiza katika hali ya kutoa noti moja kwa wakati, hata kama ina uwezo wa kutoa 16. Kizuizi hicho kinakupa jambo ambalo vyombo vya noti nyingi huwa havina: uhusiano kati ya noti moja na inayofuata. Katika hali ya legato, envelopu huanza upya pale tu unapoinua kidole kabla ya kubonyeza noti inayofuata; vidole vikipishana, sauti huendelea bila kugongwa upya. Kwa hiyo wewe, kwa vidole vyako, unaamua ni noti zipi zinatamkwa na zipi zinateleza kutoka kwa zilizotangulia, kama mpiga fidla anavyoamua ni noti ngapi azipige kwa upinde mmoja.

Rekodi sehemu moja kwa wakati, kutoka pumzi hadi pumzi uliyoitia alama kwenye nota. Zingatia kwanza urefu wa noti. Katika muziki wa Bach wa mwendo wa wastani, noti za robo ya pigo hukaa vizuri zikishikiliwa kwa asilimia 75 hadi 90 ya urefu wake, na zile za nusu ya pigo zinazoruka ruka zikikatwa hadi karibu asilimia 60. Tofauti kati ya aina hizo mbili ndiyo inayomwezesha msikilizaji kusikia mdundo bila ngoma. Noti mbili zinazoshuka zikiwa zimeunganishwa, ya kwanza iwe na nguvu zaidi na ya pili iwe nyepesi na fupi. Mstari unaopanda kuelekea kilele ukue kidogo kidogo, usiruke.

Makosa ya muda yasahihishwe kwa uangalifu. Programu zote zina amri ya kuzivuta noti hadi kwenye mstari wa kipimo, na ukiitumia kwa asilimia 100 unafuta kila kitu ulichokifanya katika hatua ya nne. Tumia asilimia 40 au 50 ikibidi, au sogeza kwa mkono zile noti chache zinazoumiza sikio. Kilicho bora zaidi ni kurekodi tena.

Pumzi inakuja kwa vidhibiti vya MIDI. MIDI ina kidhibiti namba 7 cha ukubwa wa jumla na namba 11 cha hisia ya mpito, vyote kwa thamani kuanzia 0 hadi 127. Kiache namba 7 kwa ajili ya kuchanganya sauti, na utumie namba 11, kwa pedali ya mguu au kwa kitufe cha kuteleza, kuikuza na kuipunguza kila sentensi ya muziki. Gurudumu la kidhibiti namba 1 liunganishe na kichujio, ili sauti ifunguke kidogo inapofika kileleni. Vibrato, yaani mtikisiko wa kimo cha noti, iwe ya mitetemo 5 hadi 6 kwa sekunde, ya senti chache tu, na ichelewe kuanza kwa milisekunde 300 au 400, ili noti fupi zisiguswe nayo. Vibrato inayoanza pamoja na noti na kuendelea bila kukoma ni alama ya upigaji usiosikilizwa.

Nakshi zinahitaji maneno yake. Trili, yaani kupishanisha haraka noti mbili jirani, katika muziki wa wakati wa Bach kwa kawaida huanza na noti ya juu; jedwali la nakshi aliloliandika mwenyewe mwaka 1720 katika daftari la mwanawe Wilhelm Friedemann linaonyesha hivyo. Kwenye sinthesaiza ya noti moja kuna jambo la kufahamu kabla ya kuijaribu. Vyombo vya sasa kwa kawaida hutoa noti iliyobonyezwa mwisho, kwa hiyo unaweza kuishikilia noti ya chini na kuigonga ya juu kwa kidole kingine. Minimoog ya mwaka 1970, pamoja na programu zinazoiiga kwa uaminifu, huipa kipaumbele noti ya chini, na hapo njia hiyo haitoi kitu. Ushikilie ya juu na kuigonga ya chini. Kama nakshi inasikika nzito, hakikisha uko katika hali ya legato, kwani envelopu inayoanza upya kwa kila noti huifanya trili igonge kama klavisini. Wakati mwingine hilo ndilo unalolitaka, na ni vizuri kulichagua kwa kujua.

Inventio ya kwanza inafungwa kwa noti kadhaa zinazolia pamoja. Chombo cha noti moja hakiwezi kuzitoa, kwa hiyo zirekodi moja moja katika njia zake, kwa sauti ile ile ya mstari wa juu, na uzikate zote wakati mmoja.

Hatua ya saba: kubadilisha rangi

Sasa tu ndipo uruhusu sauti zibadilike. Rudi kwenye nota na uangalie sehemu ulizozitia alama. Sheria ninayoifuata ni kwamba rangi hubadilika mahali muziki wenyewe unapobadilika: mwisho wa sehemu, ufunguo mpya, au wazo linapohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kubadilisha katikati ya sentensi humwambia msikilizaji kwamba kuna jambo limetokea wakati mtunzi hakuweka jambo lolote hapo.

Katika sehemu ya pili unaweza kuifanya sauti ya juu iwe butu kidogo na ya chini iwe kali, ili besi iongoze. Katika marudio ya wazo unaweza kuongeza njia nyingine inayopiga noti zile zile oktavu moja juu kwa sauti nyembamba ya pembetatu, kama vile mpiga kinanda cha bomba anavyoongeza safu ya mabomba. Kwa muziki wa Debussy au Satie sheria hii hulegea, kwa kuwa humo rangi yenyewe ni sehemu ya utunzi; hapo ruhusu kichujio kisogee polepole kwa vipimo vinne au vinane, na mwachilio uwe mrefu kuliko noti. Rekodi ya Tomita ya mwaka 1974 inafaa kusikilizwa kwa ajili hiyo, kwa hedifoni, huku nota za Debussy ziko mbele yako.

Hatua ya nane: kuchanganya na kutoa

Rekodi kila mstari kama faili la sauti la biti 24, kwa sampuli 44100 au 48000 kwa sekunde, na uache nafasi ya desibeli 6 juu ya kilele. Besi ikae katikati. Mstari wa juu usogee kidogo upande mmoja, na kama kuna mstari wa tatu, upande wa pili. Mwangwi uwe mmoja kwa wote, ili vyombo vyote viwe ndani ya chumba kimoja. Kwa muziki wa kasi wenye mistari inayojibizana, sekunde 1.2 hadi 1.8 zinatosha, kwa wa polepole unaweza kufika sekunde 3. Uchelewesho wa milisekunde 20 au 30 kabla ya mwangwi kuanza huziacha noti zibaki wazi, na kuondoa kila kitu kilicho chini ya mitetemo 200 ndani ya mwangwi huizuia besi isiwe tope.

Kompresa itumie kidogo au uiache kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kusawazisha ukubwa wa sauti, nawe umetumia siku nyingi kuutofautisha. Huduma kubwa za kusikiliza muziki hulinganisha rekodi katika kiwango cha karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), lakini si lazima muziki wa namna hii ufike huko. Hakikisha tu kilele halisi hakizidi desibeli -1. Sikiliza mchanganyiko wako kwa sauti ya chini kabisa, na pia katika spika moja ndogo: kama mistari yote miwili bado inafuatika, kazi imekaa. Kama mmoja unapotea, usikimbilie kuuongeza ukubwa. Rudi kwanza kwenye kichujio na urefu wa noti, maana mara nyingi mstari hupotea kwa sababu hautamkwi.

Unapoipandisha rekodi mtandaoni, jiandae kwa mifumo ya kutambua muziki, ambayo huweza kuuchukua upigaji wako wa Bach kuwa ni wa mtu mwingine aliyepiga kipande hicho hicho. Hifadhi faili za mradi, za MIDI na za kila mstari, pamoja na jina la chapa ya nota, ili uweze kuonyesha kwamba upigaji ni wako. Faili za sauti za kila mstari zina faida nyingine: programu hubadilika na sinthesaiza za kompyuta huacha kufunguka baada ya miaka, lakini faili la sauti litafunguka.

Baada ya Inventio mbili au tatu, nenda kwenye sonata za Bach za sauti tatu kwa kinanda cha bomba, namba BWV 525 hadi 530 katika orodha ya kazi zake. Ziko sita, na kila mstari umeandikwa kwa kiungo chake: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na miguu. Anza na sehemu ya polepole ya mojawapo, tengeneza sauti tatu kwa utaratibu wa hatua ya tano, na urekodi besi kwanza, kwa sababu katika sonata hizi mistari miwili ya juu hupishana kimo mara kwa mara na itahitaji sakafu isiyoyumba chini yake.